Nyumba Utakayolala Kesho Ilikuwa Shamba

Likasi, mwezi wa kumi, jioni, mvua bado

Venansi, mwanangu wa kwanza,

Mama yako amekwisha kukuambia habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, na ya kutoacha viatu nje. Amekuambia mara tatu, na kesho stesheni atakuambia mara ya nne mbele ya watu. Mimi nimebakiwa na mambo yasiyoingia sandukuni, kwa hiyo nimechukua karatasi. Nimekaa hapa mlangoni, jua bado liko juu ya mabomba ya moshi ya kiwanda cha Shituru, na weye uko kwa fundi unachukua suruali. Nina saa moja, labda na nusu, maana yule fundi anapenda kuzungumza kuliko kushona.

Nimesoma karatasi yako ya kazi. Usikasirike. Uliiacha mezani, na mimi tangu nijifundishe kusoma kwa kutazama magunia ya mbegu, siwezi kuona maandishi nikapita kama sikuyaona. Inasema kwamba moniteri mpya wa kilimo atashuka Kapolowe, ataenda kwa baiskeli mpaka kijiji cha mama yake, atalala katika nyumba ya moniteri, na kabla ya mvua atasawazisha visugulu vyote, vile vilima vya mchwa, katika mashamba ya kando ya barabara, ili trekta ipite na mahindi yapandwe kwa mistari. Karatasi nzuri. Ina muhuri mpya, wa nchi yetu mpya ambayo haijamaliza hata miaka miwili. Karatasi yangu ilikuwa na muhuri mwingine, na trekta hazikuwapo, lakini maneno yalikuwa haya haya. Mihuri inabadilika haraka sana. Karatasi zinachelewa.

Kuna mambo mawili karatasi yako haisemi. La kwanza: shamba la kwanza kando ya barabara, ukitoka stesheni, ni la nkambo wako Mwape, mama wa mama yako, na kisugulu kilichomo ndicho pekee alichobaki nacho. La pili: nyumba utakayolala kesho ilikuwa shamba. Shamba lake. Aliyeligeuza kuwa nyumba ni mimi.

Sijawahi kukuambia. Mama yako anajua, kijiji kizima kinajua, na nikikaa kimya utaambiwa na mtu wa tatu kabla hujafungua sanduku. Afadhali uisikie kwa mwenye kosa. Angalau mimi najua mpangilio wake.

Mtu wa mbali angecheka kusikia tunahangaika kwa ajili ya nyumba za mchwa. Lakini weye umeviona vile visugulu: vilima vya udongo mwekundu, vingine vimepita paa la nyumba, mchwa walivijenga kabla hajazaliwa yeyote tunayemjua kwa jina. Udongo wa huku kwetu ni mwepesi, unachoka baada ya misimu miwili. Udongo wa kisugulu hauchoki. Wanawake wa kule walikuwa wanapanda juu yake kama watu wanaopanga vyombo kabatini: masaka, ule mtama mwekundu, kileleni, maboga ubavuni yakitambaa kwenda chini, maharage yakipanda mabua ya masaka, na muhogo kuzunguka miguu yake. Kwa mbali kilionekana kama kichwa cha mtu asiyechana nywele.

Na mimi nilikuwa nimetumwa na chanuo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika ncha moja ya kamba, ile kamba yenye mafundo, kila fundo shimo moja, kila shimo mbegu mbili. Bwana agronomu, mkubwa wangu wa kilimo, alishika ncha nyingine. Baadaye akachoka kutembea, akanipa ncha zote mbili, ndivyo nilivyopanda cheo. Nikawa moniteri, nikaletwa kijijini, nikamwoa mama yako mwaka ule ule. Sasa fikiria: mkwe mgeni, viatu vipya, baiskeli ya serikali, na amri ya kusawazisha visugulu katika mashamba tisa. Ningeanza na lipi?

Nilijaribu kwanza kwa Mama Kalunga, jirani wa nkambo wako. Alikuwa anachuma sombe, majani ya muhogo. Hakuinua hata kichwa.

“Weye muntu wa kamba, unatafuta nini?”

“Natafuta mustari, mama.”

“Ilipotea wapi? Huku haikukuya.”

Wenzake wakaanza kucheka. Nikajikaza. “Mama, mahindi inaomba kusimama mulongo moja, muzuri.”

“Inaomba nani? Kwangu haijaomba kitu. Mahindi njo basoda, iko na bunduki?”

Akachukua ncha ya kamba yangu, akaitazama fundo kwa fundo kama mtu anayenunua samaki, halafu akaifunga shingoni mwa mbuzi wake. Nilitumia nusu saa kumfukuza yule mbuzi, na kijiji kizima kikashuhudia serikali ikikimbia katika muhogo.

Nilirudi nyumbani nikawaza. Sikuwaza kama Mama Kalunga alikuwa na haki; niliwaza ni nani asiyeweza kunijibu hivyo. Na jibu nililipata upesi kuliko ilivyofaa.

Desturi unaijua. Mkwe mume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali mbele yake, hasemi naye, wala yeye hasemi na mkwe, mpaka siku wenyewe watakapompikia na kumwingiza nyumbani kwa heshima. Akimwona njiani anapita kwenye majani. Ni heshima, na ni nzuri. Inazuia magomvi mengi. Mimi niliitumia kama panga.

Nilifika na wanaume sita na majembe, nikawapanga kuzunguka kisugulu chake kikubwa, kile kilichokuwa nyuma ya jiko. Nkambo wako akatoka. Akaniona. Akageuka akanipa mgongo, kama desturi inavyotaka, na palikuwa na kuku wake pale anachakura. Akamwambia kuku.

“Weye kuku, uko na macho. Ambia ule muntu: ile haiko kilima. Ile njo butala yangu.” Butala ni ghala, mahali pa kuweka chakula cha mwaka.

Mimi nami nikatafuta wa kumwambia. Palikuwa na kinu. “Kinu, ambia mama: hii ni amri ya serikali.”

“Kuku, uliza ule muntu: serikali iko na tumbo? Mwaka mvua itakatika, serikali itakuya kulya na siye?”

“Kinu, ambia mama: mahindi itakuwa mingi, mpaka atashindwa kubeba.”

Akafunga upya kitenge chake kiunoni. Halafu akasema polepole, “Kuku, twende. Weye angalau uko na masikio. Ule anasemaka na kinu.”

Wale wanaume sita walicheka mpaka wakaegemea majembe. Nami nikacheka. Kuku peke yake ndiye aliyefanya jambo la akili siku ile: aliondoka. Na nkambo wako hakuweza kugeuka akaniambia hapana machoni. Angegeuka, angekuwa amejivunjia heshima mbele ya watu, na kumvunjia binti yake ndoa. Mimi nilijua hivyo, Venansi. Ndiyo sababu nilianza kuchimba pale. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nimekaa nayo miaka yote hii, si kisugulu chenyewe.

Mama yako amepita hapa na sufuria. “Unaandika nini yote ile? Mutoto anaenda Kapolowe, haende Bulaya.”

“Naandika habari ya mama yako.”

Amesimama. “Kuku uliiweka?”

“Nimemweka.”

“Basi andika.” Ameenda zake. Unga wa bukari, ugali wetu wa leo, ni wa masaka, alikuwa ameuficha kwa ajili yako. Usiseme nimekuambia.

Tulikisawazisha kwa siku nne. Udongo wake ulikuwa mwingi na mzuri, unashikamana kama unga uliokandwa, na mimi nilikuwa sina nyumba. Tukaufyatua matofali, tukayaanika juani bila kuyachoma, tukajenga vyumba viwili na jiko. Bwana agronomu alipokuja alisifu kona. Alisema hajaona nyumba ya moniteri iliyonyooka hivyo. Mvua ya kwanza ikanyesha, na wiki ya pili masaka yakachipua ukutani, ndani ya chumba cha kulala, juu ya kichwa changu. Jikoni likaota boga. Mama yako alikuwa na mimba yako. Nilipotaka kuling'oa aliniambia nikiligusa nitalala nje. Boga likatoka dirishani, likazaa moja, kubwa. Agronomu akauliza lile ni nini. Nikamwambia ni mapambo.

Sitakudanganya: mwaka wa kwanza mahindi yalikuwa mazuri sana. Wa pili pia. Watu wengine wakaja wenyewe kuomba kamba, na nilitembea pale kijijini kama mtu aliyegundua mahindi. Mwaka wa tatu mvua ilikatika mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa ndiyo yanatoa maua. Mistari yangu ilikauka kwa utaratibu mkubwa, bila bua hata moja kutoka nje ya mstari. Kule kwa Mama Kalunga, aliyemfunga mbuzi kwa kamba yangu, masaka yalisimama juu ya kisugulu na vichwa vyekundu. Nkambo wako hakuwa na kitu. Alikuwa na mkwe mwenye nyumba iliyonyooka.

Nilingoja amwambie kuku. Kila asubuhi nilijiweka mahali ambapo angeweza kumwambia kuku nikasikia. Hakusema neno. Mama Kalunga ndiye aliyemkatia kipande cha shamba lake, kile cha kando ya barabara, na kisugulu kilichomo. Ndicho hicho cha kwenye karatasi yako.

Mwaka ule watu hawakuwa na haja ya moniteri, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuangalia. Na kwa kuwa sikuruhusiwa kumtazama nkambo wako usoni, nilimtazama mikono. Nilijifunza kilimo hapo, kwenye mikono ya mtu aliyenipa mgongo. Nikaona jambo lililonishangaza: juu ya kisugulu chake palikuwa na mahindi. Si ya kwangu. Ya kwake, mafupi, ya rangi mbili. Nikamuuliza mama yako.

“Yale ni ya kumpala, ya zamani sana,” akasema. “Mahindi ilikuya na nkambo yake mama, wakati aliolewa huku.”

“Na muhogo?”

“Muhogo ilikuya na muke moja wa kule kwa bavuvi, Tshangalele.” Siku hizo ziwa halikuwa kubwa kama leo. “Na karanga njo baba mukubwa, alikuwa na kazi ya reli, akaleta ndani ya mufuko ya suruali.”

“Na mama wa mama yako alipanda nini?”

“Malezi, mbegu ya ulezi, mu majivu. Bakakata miti, bakachoma, bakapanda. Kisha mji ikataka makala ya kuwasha moto, miti ikaisha. Njo bakapanda kisugulu.”

Nilikaa kitako. Mimi nilikuwa nimeletwa kuwabadilisha watu wasiobadilika, na kumbe shamba lile lilikuwa limebadilika mara nne kabla sijazaliwa. Kila bibi harusi aliyeingia alileta mmea wake. Ila walikuwa na njia yao. Nilimwona nkambo wako akifanya hivyo na mbegu zangu, ndiyo, zile zile za gunia la serikali: alizipanda upande mmoja wa kisugulu, kiganja kimoja tu, chini, mahali ambapo zikifa hakuna atakayelala njaa. Mwaka wa pili akazipandisha kidogo. Mwaka wa tatu akazikubali. Sisi tulileta zetu shamba zima, kwa siku nne. Waliokuwa hawabadiliki tulikuwa sisi wenye kamba.

Ulikuwa na miaka minne tulipohamia hapa Likasi, mimi nikawa mtunza bustani. Ile nyumba huikumbuki. Na hapa nimeendelea kuangalia, maana mazoea hayana dawa. Umeona mwenyewe tangu wazungu wengi waondoke na nchi iwe nyingine: muhogo umefuata reli kama abiria asiye na tiketi, na kwenye ule uwanja wa tenisi karibu na kanisa mpishi wa zamani amepanda mahindi, tena amefuata zile alama za chokaa nyeupe, kwa hiyo mistari yake imenyooka kuliko yangu yote. Mwaka jana mkubwa wangu aliniambia, “Mzee, hapa penye mawaridi weka viazi vitamu.” Nikaweka. Nimeacha waridi moja katikati, na viazi havijalalamika. Hatujalala njaa. Naona watu wengi wana wasiwasi siku hizi, na sababu wanazo, lakini mimi nikipita asubuhi na kuona mji mzima umeota chakula mahali pa ajabu, naenda kazini nimeridhika.

Kwa hiyo sikuambii uasi karatasi yako. Unga haufiki kama zamani, treni siku hizi zina siri zao, na mji huu unahitaji mahindi. Aliyeiandika karatasi si mjinga. Hajawahi tu kuzungumza na kuku.

Mwisho wa habari ya nkambo wako ni huu. Wakwe wenzangu waliingizwa nyumbani baada ya miaka miwili, wengine mitatu. Mimi nilingoja kumi na mmoja. Mama yako alienda kuuliza, akaambiwa masaka bado hayatoshi. Mwaka uliofuata hayatoshi. Ulikuwa na miaka kumi siku tulipoitwa. Utakumbuka kwa sababu ulikula kuliko wote. Akina mama waliingia wakiimba, wakaweka bukari nyekundu, ya masaka ya kile kisugulu cha barabarani. Nkambo wako akaja akakaa mbele yangu. Mara ya kwanza nikaona uso wake: una kovu dogo juu ya jicho, kama la mama yako. Alinitazama kwa muda mrefu, maana alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kutazama. Kisha akasema, neno lake la kwanza kwangu:

“Ile kuku ilishakufa.”

Nikasema, “Pole, mama.”

“Sasa nitakuambia minye mwenyewe. Siku ingine, anza kwa Kalunga.”

Akasukuma sahani. “Kulya.”

Ndiyo yote. Nimesoma kila gunia, kila karatasi na kila gazeti lililofungiwa samaki katika mji huu, na sijapata maneno mengine ya kuyapita hayo. Anza kwa yule anayeweza kukujibu.

Lakini weye una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Weye ni mjukuu. Kwake weye ni bwana mdogo, anakuita mume wake, anakutania mpaka watoto wanajificha, na anaweza kukuambia lolote machoni. Huhitaji kuku. Kwa hiyo kesho, kabla hujafika kwenye ile nyumba, shuka baiskeli barabarani, mpelekee chumvi ambayo mama yako amefunga kwenye kitambaa cha bluu, kaa chini, mwonyeshe karatasi. Msomee yote, pamoja na neno la visugulu. Usilipunguze. Halafu nyamaza, na umwache akutukane mpaka amalize. Katikati ya matusi yake kuna kilimo kingi. Pengine atasema trekta ipite. Amenishangaza mara nyingi. Pengine atasema ipite kila mahali ila pale. Ukisha kumsikia, uamuzi ni wako, na jina kwenye karatasi ni lako.

Jambo la mwisho, kisha nitafunga, maana namsikia fundi anacheka barabarani, amekusindikiza.

Asubuhi ulipokuwa unaoga nilifungua sanduku nikatoa kamba yako. Nilitaka kuificha nyuma ya pipa la maji. Niliwaza: akifika bila kamba, ataandika kuomba nyingine, itachukua wiki tatu, na katika wiki tatu mvua itakuwa imenyesha na nkambo amekwisha kupanda. Nilijisifu sana. Kisha nikasimama pale na kamba mkononi, nikaona ninachofanya: naamua shamba kwa niaba ya mtu asiyeweza kunijibu, safari hii weye, mwenye sabuni machoni. Umri huu, na bado.

Nimeirudisha. Iko chini ya mashati, mahali pake. Mafundo yote yapo isipokuwa moja, la katikati. Hilo nimelifungua. Ukivuta kamba utakuta mahali pasipo na shimo, pana kiasi cha boga moja kujinyoosha. Muulize nkambo wako pawekwe nini. Kama hutaki, lifunge tena. Kufunga unajua, nilikufundisha mwenyewe.

Na ikiwa, baada ya kumsikiliza, trekta italazimika kuzunguka pale barabarani, na mkubwa wako akauliza kile kisugulu kinafanya nini katikati ya mahindi, tafuta jibu lako. Usimwambie ni mapambo. Hilo nilishalitumia.

Tata yako,
muntu wa kamba